Kocha, Pima Siku ya Tatu: Mwongozo Kamili wa Kujifunza Kukuza Ufundi wa Wachezaji

Kila muhula malalamiko ni yaleyale hapa Uganda, kutoka Busia mpaka Arua. Zoezi limefanyika wiki nne. Vijana wamelishika, pasi zinafika, kocha amefurahi. Jumamosi filimbi ya mechi inalia na hakuna hata mmoja anayelikumbuka. Kocha anawaita wazembe, wazazi wanamwita kocha mzembe, na Jumatatu zoezi lilelile linarudiwa kwa kelele zaidi.

Wanaokwama hapa wamesoma. Wengine wana leseni ya ukocha ya CAF (Shirikisho la Soka Afrika) daraja D, wengine ni walimu waliofundishwa michezo chuoni. Lakini karibu wote wanakosea mahali pamoja: wanapima ufundi jioni ileile waliyoufundisha. Jioni hiyo mchezaji anafanya vizuri kwa sababu amerudia jambo moja mara arobaini mfululizo. Kesho kutwa linaweza kuwa limeyeyuka. Alichojifunza kweli ni kile kinachobaki baada ya siku mbili tatu, bila kukumbushwa, na mpinzani akiwa mbele yake.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kupima hicho, kisha kubadilisha mazoezi na maneno yako kufuatana na unachokiona. Mifano mingi ni ya mpira wa miguu na netiboli, kwa kuwa ndiyo inayochezwa zaidi mashuleni kwetu. Wa ndondi, wavu na riadha mtabadilisha vifaa. Hatua ni hizihizi. Tenga wiki sita, vipindi vitatu kwa wiki. Hiyo ni karibu nusu ya muhula.

## Andaa hivi kwanza

Daftari la karatasi na kalamu mbili. Simu utaihitaji kwa kazi nyingine, na mvua ya Aprili haina huruma na simu.

Simu yenye kamera. Hata ile ya kioo kilichopasuka inatosha, mradi sauti inasikika.

Mpira mmoja kwa kila wachezaji watatu. Ukiwa na miwili tu, tafuta ya kuongezea hata kwa kuazima shule jirani. Mipira ya nyuzi za migomba inafaa kwa watoto wadogo kuchezea, ila usiitumie siku ya kupima. Haidundi sawasawa, na hesabu zako zitakudanganya.

Chupa za plastiki zilizojazwa mchanga ikiwa huna koni. Vizibao vya rangi mbili, au nusu ya timu ivae fulana zilizogeuzwa ndani nje, ilimradi watofautiane. Saa ya mkononi.

Mwenzako mmoja. Kocha wa timu nyingine, mwalimu wa darasa, hata kapteni wa zamani aliyemaliza shule. Bila jicho la pili, hatua ya saba haitafanyika.

Ruhusa ya kurekodi, kutoka kwa mkuu wa shule na wazazi. Hawa ni watoto. Video ibaki kwenye simu yako, isiende TikTok wala kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki, na uifute ukishaihesabu.

## Hatua ya 1: Chagua ufundi mmoja unaoonekana kwa macho

"Kuboresha pasi" hakupimiki. "Kujiamini" hakupimiki. Andika sentensi moja inayosema nani, katika hali gani, na macho yako yataona nini. Mfano:

*Kiungo anapokaribia kupokea mpira, anatazama nyuma ya bega kabla mpira haujafika, na anaupokea kwa mguu ulio mbali zaidi na mpira unakotoka ili aweze kugeuka mbele.*

Kwa netiboli: *Mchezaji wa kati anapoingiza mpira kwenye duara la kufungia, anautoa mfungaji akiwa tayari ameanza kukimbia, si akiwa amesimama.*

Msomee mtu asiye kocha. Akiweza kukaa pembeni na kuhesabu ni mara ngapi jambo hilo limetokea, sentensi ni nzuri. Akikuuliza "una maana gani?", iandike upya.

Tahadhari: usichague kitu kwa sababu umekiona kwenye ligi ya Uingereza wiki iliyopita. Tazama mechi zako mbili na uchague kile kinachowagharimu vijana wako mpira mara nyingi zaidi.

## Hatua ya 2: Pima kabla hujafundisha chochote

Cheza wanne kwa wanne kwa dakika kumi. Usiseme kitu. Usiwaambie unahesabu nini. Chagua wachezaji watatu tu: mmoja mzuri, mmoja wa kati, mmoja anayehangaika. Ukijaribu kuwahesabu wote kumi na wanane hutamaliza hata mmoja.

Kwa kila mchezaji andika namba mbili: nafasi alizopata, na mara alizofanya. Kama alipokea mpira mara 12 na kugeuka vizuri mara 3, andika 3 kwa 12. Fanya hivyo katika vipindi viwili tofauti, kwa maana jioni moja inaweza kuwa na upepo, njaa au mtihani wa hesabu uliomvuruga mtoto.

Kuanzia hapo, kanuni ya mwongozo huu ni moja: kipimo hufanyika mwanzoni mwa kipindi, angalau siku mbili baada ya kufundisha, kabla hujawakumbusha. Ukifundisha Jumanne, pima Alhamisi au Ijumaa wakishapasha misuli moto tu. Hiyo ndiyo siku ya tatu.

Utajua hatua imekamilika ukiwa na ukurasa mmoja wenye majina matatu na namba zake. Wengi huiruka kwa sababu inaonekana kama kupoteza jioni mbili. Kisha wiki ya sita hawajui kama wameenda mbele au nyuma.

## Hatua ya 3: Jirekodi wewe, si wachezaji

Hatua hii inauma kidogo. Mpe mwenzako simu, akae kwenye kona, akufuate wewe kwa kipindi kizima. Kama hakuna mtu, weka simu mfukoni ikirekodi sauti.

Usiku ukiwa umeshakula, kaa na daftari uhesabu mambo manne:

1. Dakika ambazo wachezaji walikuwa wamesimama wakikusikiliza.
2. Muda ambao mchezaji mmoja uliyemchagua alisubiri zamu yake.
3. Maneno yako yenye maelekezo, mfano "fungua bega kabla haujafika".
4. Maneno yako matupu: "haya!", "safi!", "kijana amka!", na yale ambayo hatutayaandika hapa.

Ili upate cha kulinganisha: katika msimu wa 1974-75 wanasaikolojia wawili, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa uwanjani wakihesabu kila tendo la kufundisha la John Wooden, kocha maarufu wa kikapu wa chuo cha UCLA kule Marekani. Karibu robo tatu ya aliyoyafanya ilikuwa na maelezo ndani yake: nini kifanyike na kwa namna gani. Sifa na lawama tupu zilikuwa chache. Alipoonyesha kwa vitendo, mara chache alizidi sekunde tano.

Sekunde tano! Wengi wetu tunahutubia kama tuko msibani.

Foleni nayo ifanyie hesabu. Watoto 12 wamepanga mstari mbele ya koni, kila zamu inachukua sekunde 6. Kila mtoto anagusa mpira mara moja kwa sekunde 72. Katika robo saa nzima amefanya mara kumi na mbili hivi, na dakika nyingine zote alikuwa akimsukuma wa mbele yake.

Usijaribu kurekebisha yote manne kwa mara moja. Chagua moja, liandike juu ya ukurasa wa wiki, na ujirekodi tena baada ya vipindi vitatu. Kwa wengi la kwanza ni kusubiri, kwa sababu ukivunja foleni, mengine yanaanza kujirekebisha yenyewe.

## Hatua ya 4: Geuza zoezi liwe mchezo mdogo wenye tatizo lako ndani

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa hiyo tukae nayo.

Miaka ya 1920 huko Moscow, mwanasayansi Nikolai Bernstein alipiga picha za mfululizo za mafundi wazoefu wakigonga patasi kwa nyundo. Nyundo ilifika palepale pigo baada ya pigo, lakini bega, kiwiko na kifundo vilipita njia tofauti kidogo kila mara. Fundi hakuwa amekariri mwendo mmoja. Alikuwa amejifunza kutatua tatizo lilelile upya kila pigo, na Bernstein akaita hali hiyo kurudia bila kurudia.

Zoezi la koni linafundisha kinyume chake. Koni haikimbii wala hainyang'anyi, na kila ukirudi unaikuta palepale. Mtoto anajifunza koni. Siku ya mechi hakuna koni.

Kwa hiyo jenga mchezo mdogo ambao ufundi uliouchagua ndiyo njia rahisi ya kushinda. Unazo nyenzo nne za kucheza nazo:

Nafasi. Uwanja mwembamba unalazimisha kuamua haraka. Uwanja mpana unaruhusu chenga na mbio.

Idadi. Mchezaji mmoja wa ziada anayesaidia timu yenye mpira anapunguza ugumu mara moja. Mtoe wakishazoea.

Magoli. Yahamishe, yaongeze, yapunguze.

Hesabu ya pointi. Usilazimishe tendo. Lipe thamani.

Mfano wa kiungo wetu: pima mita 30 kwa 20, wanne kwa wanne, kila timu ishambulie magoli mawili madogo, moja kila pembe. Magoli yakiwa mawili, anayepokea mpira akiwa ametazama mahali ulikotoka hawezi kujua lipi liko wazi. Lazima atupe jicho nyuma. Bao lililotokana na mchezaji kupokea na kugeuka mbele katika mguso wa kwanza linahesabiwa mawili. Hujasema "tazama nyuma" hata mara moja. Uwanja wenyewe unawalazimisha.

Kwa netiboli, chukua theluthi moja ya uwanja, watatu kwa watatu. Sheria ya kawaida inampa mwenye mpira sekunde tatu. Wanaoanza waachie hizo tatu, na mkabaji asogee nyuma mpaka mita 1.2 badala ya 0.9. Wakianza kuingiza mpira duarani bila kubahatisha, rudisha mkabaji mahali pake, kisha punguza muda uwe sekunde mbili. She Cranes, timu ya taifa ya netiboli ya Uganda, wamefika nafasi ya tano katika Kombe la Dunia la 2023 kule Cape Town, na wengi wao walianzia kwenye viwanja vya shule visivyo na hata mistari. Ukikosa chokaa, chora kwa jivu.

Tahadhari tatu.

Kwanza, badilisha nyenzo moja kwa wakati. Ukibadilisha nafasi, idadi na pointi jioni moja, hutajua kipi kimeleta nini.

Pili, anayeanza kabisa anaweza kuhitaji dakika chache za kugusa mpira bila mkabaji. Mpe, ila ziwe dakika tano, kisha aingie kwenye mchezo wenye mkabaji mvivu. Kuna makocha waliosikia kwamba "mchezo hufundisha" wakawatupa watoto wa miaka minane kwenye kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, wao wakakaa chini ya mwembe. Huko ni kuwatelekeza watoto.

Tatu, jua la saa nane si la mchezo mkali. Anza saa kumi na nusu, na uwe umemaliza kabla ya saa moja giza halijaingia. Uliza pia nani amekula mchana. Mtoto aliyeshinda na kikombe cha uji ataonekana mzito wa kujifunza wakati ana njaa tu.

Mafanikio ya hatua hii yana sura inayowashangaza wengi: zoezi litaonekana bovu zaidi kuliko la zamani. Mipira itapotea. Mzazi aliyekaa kwenye bodaboda yake kando ya uwanja ataona fujo. Ikiwa wanafaulu zaidi ya nusu ya majaribio lakini bado wanakosea kila dakika, uko mahali pazuri. Wasipokosea kabisa, ongeza ugumu. Wakikosea karibu kila mara mpaka wanaanza kucheka au kulaumiana, punguza.

## Hatua ya 5: Changanya, usipange mafungu

Jumatatu pasi, Jumatano kupiga mashuti, Ijumaa vichwa. Ratiba nzuri ukutani, lakini kwa kujifunza ni dhaifu.

Mwaka 1986 Sinah Goode na Richard Magill waliwafundisha wanafunzi wa badminton, mchezo wa raketi, aina tatu za kuanzisha mchezo. Kundi moja lilifanya aina moja mpaka likamaliza, ndipo likaenda nyingine. Kundi jingine lilichanganya zote bila mpangilio. Kwenye jaribio la baadaye, na hata walipotakiwa kuanzisha kutoka upande wa pili wa uwanja ambao hawakuuzoea, waliochanganya walifanya vizuri zaidi.

Sababu yake inaeleweka ukitulia. Anayerudia kitu kimoja haamui chochote, ameshaamua mwanzoni. Anayechanganya lazima kila mara asome hali, achague, na kulikumbuka tendo upya. Na mechi inadai hayo matatu kila sekunde chache.

Kwa vitendo: mpiga mashuti asipige kumi kutoka sehemu moja. Apige moja akitokea kulia, aingie kwenye wawili kwa wawili, apige jingine baada ya kupokea mpira mgongo ukiwa umeelekea golini, arudi kukaba. Mpiga ndondi asirushe jabu hamsini. Mwenzake ainue pedi bila kutangaza ipi. Tofauti ipo kwa mgeni kabisa: siku zake za kwanza mwache arudie kidogo mpaka ajue tendo lenyewe likoje, ndipo uchanganye.

## Hatua ya 6: Punguza maneno, na yaelekeze nje ya mwili

Rudi kwenye orodha ya maneno yako ya hatua ya tatu. Utakuta mengi yanataja viungo: "kunja goti", "kaza kifundo", "inua kiwiko". Utafiti wa Gabriele Wulf na wenzake tangu miaka ya 1990 umeonyesha tena na tena kwamba mtu anayefikiria matokeo ya mwendo, yaani mpira, ardhi, shabaha, kwa kawaida hufanya vizuri na hukumbuka zaidi kuliko anayefikiria mwili wake.

Kwa hiyo badala ya "kaza kifundo cha mguu", sema "mpira usikike *pa!*". Badala ya "inua magoti" kwa mkimbiaji, sema "isukume ardhi nyuma yako". Badala ya "nyoosha mkono" kwa mfungaji wa netiboli, sema "udondoshe juu ya ringi, usiutupe kwenye ringi".

Timu zetu zina lugha nyingi. Uwanjani Busia utasikia Kisamia, Kiteso na Kiswahili ndani ya dakika moja. Arua utasikia Kilugbara. Chagueni pamoja neno moja fupi kwa kila jambo, kwa lugha yoyote wanayoipenda wao, na lisibadilike. Wakilichagua wenyewe watalitumia wenyewe, hata wewe usipokuwepo.

Sasa kuhusu kusahihisha. Kocha anayesahihisha kila mguso anamfanya mchezaji afanye vizuri akiwa karibu naye na apotee akiwa mbali, kama mtoto anayejifunza baiskeli huku umemshikia kiti. Fanya hivi:

Acha makosa mawili matatu yapite kabla hujasema. Moja laweza kuwa ajali. Matatu ni tabia.

Kisha uliza kabla ya kueleza: "Uliona nini kabla haujafika?" Akijibu "sikuona kitu", tatizo ni macho, si mguu, na ulikuwa karibu kumfundisha mguu. Hili pekee linaokoa jioni nyingi.

Mwite pembeni mchezo ukiendelea. Usisimamishe watu kumi na wawili kwa ajili ya mmoja. Kama lazima usimamishe wote, tumia sekunde ishirini, onyesha, ondoka.

Waache pia wafundishane. Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa Kampala, aliyefika Olimpiadi ya sataranji, alionyeshwa kwanza namna kete zinavyotembea na mtoto mdogo kuliko yeye, sio kocha. Anayeeleza analazimika kupanga mawazo yake, na anayesikiliza haogopi kuuliza swali la kijinga.

Tahadhari ambayo haina mjadala: fimbo hapana. Sheria ya watoto ya Uganda iliyorekebishwa 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni, na uwanja wa shule ni shule. Raundi za uwanja kama adhabu nazo ziache. Zinamfundisha mtoto kwamba kukimbia ni mateso, nawe baadaye utamtaka akimbie.

## Hatua ya 7: Mlete mwenzako, nawe nenda kwake

Mwalike yule uliyemwandikisha mwanzoni aje mara moja kwa wiki. Usimwambie "niambie unaonaje", atakupa heshima tu: "Kazi nzuri, kocha." Mpe swali moja la kuhesabu. "Mhesabie Namba Nane anapokea mara ngapi na anageuka mara ngapi." Au "nihesabie mara ninazosimamisha mchezo." Namba hazina adabu, ndiyo maana zinasaidia.

Baadaye nenda kwake ufanye vilevile. Na mara moja katika wiki hizi sita tembelea mchezo usioujua. Kocha wa soka akikaa kwenye mazoezi ya netiboli ataona jinsi wanavyopanga mikimbio bila kupiga chenga hata moja. Wa netiboli akienda kwa mabondia ataona kazi ya miguu.

Kozi je? Nenda. Leseni za CAF zinazotolewa kupitia FUFA, shirikisho la soka la Uganda, zinakupa ramani na mtandao wa watu, na bila hizo milango mingine haifunguki. Lakini kozi ina mwisho wake, na ukirudi kwenye uwanja wako peke yako utarudi kwenye mazoea. Nenda na daftari lako lenye namba za wachezaji watatu, umwonyeshe mkufunzi, umuulize: "Hapa nimekwama, ungebadilisha nini?" Utapata zaidi ya aliyekwenda kunakili michoro.

## Hatua ya 8: Angalia nani yuko katikati ya kukua

Wiki moja mchezaji wako bora anaanza kujikwaa. Mguso umekuwa mzito, anachelewa. Kabla hujamweka benchi, msimamishe ukutani umpime urefu. Wasichana kwa wastani hurefuka kwa kasi kubwa zaidi karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14, ila kila mtoto ana saa yake. Piga alama ukutani kila baada ya miezi mitatu. Aliyeongeza sentimita mbili au zaidi kati ya alama na alama yuko kwenye kasi hiyo, na viungo vyake vimekuwa virefu kuliko alivyovizoea.

Usimpime kwa namba za wiki zilizopita. Mpunguzie kuruka na mbio za kusimama ghafla. Maumivu chini ya pia ya goti, pale mfupa unapovimba kidogo, yapumzishwe na yaonwe kwenye kituo cha afya, yasipakwe dawa ya kuchua na kurudishwa uwanjani.

Upande wa pili wa jambo hili ni yule aliyekomaa mapema. Anashinda kwa kifua na mbio, kwa hiyo hakuna anayemfundisha kitu. Miaka miwili baadaye wenzake wanamfikia kimo, naye hana ufundi wowote. Mweke kwenye uwanja mwembamba dhidi ya wakubwa zaidi, ambako nguvu peke yake haimwokoi.

## Hatua ya 9: Rudia kipimo, kisha uamue

Wiki ya sita, rudia hatua ya pili ilivyokuwa: wanne kwa wanne, dakika kumi, vipindi viwili, kimya, angalau siku mbili tangu ulipowafundisha mara ya mwisho. Hesabu wachezaji walewale watatu.

Wote watatu wamepanda. Chagua ufundi mwingine, lakini uache mchezo mmoja wa zamani kwenye ratiba kila wiki ya pili ili wasiusahau.

Mzuri amepanda, anayehangaika amebaki. Mchezo wako ulikuwa mgumu mno kwake. Mpe mchezaji wa ziada upande wake, au nafasi pana, uongeze wiki mbili.

Anayehangaika amepanda, mzuri amebaki. Ulikuwa rahisi mno kwake. Mpe sheria yake peke yake, mfano miguso miwili tu.

Hakuna aliyepanda, lakini jioni za mazoezi zilikuwa nzuri. Umerudi kwenye kupanga mafungu bila kujua. Sikiliza rekodi zako za wiki ya nne na ya tano.

Hakuna aliyepanda na mazoezi pia yalikuwa mabaya. Huenda ulichagua ufundi usiofaa umri wao. Rudi hatua ya kwanza, chagua kilicho chini yake. Kama hawawezi kutuliza mpira, kuwafundisha kugeuka nao ni kazi bure.

Kuna jambo moja nje ya uwanja. Shule zinazotoa ufadhili wa karo kwa wanamichezo zinataka kombe la mashindano ya sekondari, na mkuu wa shule hatakuuliza nani amejifunza kugeuka. Usimbishie. Siku kumi kabla ya mashindano acha kubadilisha nyenzo, cheza mechi, panga mipira iliyokufa, yaani kona, faulo na mipira ya kurusha, wapumzishe. Mkishafungwa au mkishashinda, nenda ofisini kwake na ukurasa wa namba kabla hajaanza kuzungumza: huyu alikuwa 3 kwa 12 Februari, sasa ni 8 kwa 13, na yuko kidato cha pili tu. Kisha omba mipira minne.